Kutoka Familia ya Sauti hadi Sauti ya Mmoja: Mabadiliko ya Ala za Muziki za Ulaya baina ya Renesansi na Baroki, 1511–1707

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna ala za muziki za Ulaya zilivyobadilika kati ya karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 18. Yanajikita katika mifano miwili: ala za kupuliza za mbao, yaani filimbi na zumari, na ala za nyuzi zinazopigwa kwa upinde. Hoja kuu ni kwamba mabadiliko hayo hayaelezeki vyema kwa dhana ya maendeleo, kana kwamba ala duni ziliachwa na ala bora zikashika nafasi yake. Kilichobadilika kwanza ni kazi ambayo ala ilitakiwa kuifanya, na mafundi wakaitikia. Kila kilichopatikana kiliambatana na kilichopotea, na mwanahistoria anayehesabu faida pekee hupotosha kumbukumbu.

1.0 Utangulizi

Msomaji anayeingia katika makumbusho ya ala za muziki huko Vienna, Paris au Brussels hukutana na mpangilio uliozoeleka. Ala za karne ya 16 huonekana nyepesi na zisizo na mapambo mengi; za karne ya 18 zina viungo vilivyokerezwa kwa ustadi, pete za pembe za ndovu na vibonyezo vya shaba au fedha. Macho humshawishi aamini kwamba anatazama ngazi, na kwamba kila kidato kiko juu ya kile kilichotangulia. Dhana hii imeingia pia katika vitabu vya kiada, ambavyo mara nyingi hueleza filimbi ya Renesansi kuwa ala iliyokuwa bado haijakamilika.

Makala haya yanaipinga dhana hiyo, lakini si kwa kudai kwamba ala zote ni sawa. Yanauliza swali dogo zaidi: fundi wa mwaka 1550 alikuwa akijaribu kutatua tatizo gani, na fundi wa mwaka 1690 alikuwa akitatua lipi? Ikiwa matatizo yalikuwa tofauti, basi kupima jibu la mmoja kwa swali la mwingine ni kosa la mbinu.

Mipaka ya wakati imewekwa na vitabu viwili. Mwaka 1511 Sebastian Virdung alichapisha huko Basel kitabu cha kwanza kilichopigwa chapa Ulaya kuhusu ala za muziki. Mwaka 1707 Jacques Hotteterre alichapisha jijini Paris mwongozo wa filimbi ya kando, uliohusu pia filimbi ya kinywa na obo. Virdung aliandika kuhusu aina nyingi za ala kwa pamoja. Hotteterre aliandika kwa mpigaji mmoja mwenye ala moja mkononi. Tofauti hiyo ya hadhira ni sehemu ya historia yenyewe.

2.0 Vyanzo na Istilahi

Utafiti huu unategemea vyanzo vya aina tatu: maandishi ya wakati huo, orodha za mali za watawala, na ala zenyewe zilizosalia. Katika maandishi, yaliyo muhimu zaidi ni ya Virdung (1511), Martin Agricola (1529), Silvestro Ganassi (1535), Philibert Jambe de Fer (1556), Michael Praetorius (1619), Marin Mersenne (1636) na Hotteterre (1707). Kitabu cha Praetorius kina thamani ya pekee kwa sababu kiliongezewa, mwaka 1620, michoro iliyopimwa kwa kipimo maalumu, kiasi kwamba mtafiti wa leo anaweza kukadiria urefu wa ala asiyoweza kuiona.

Vyanzo hivi vina pengo. Ala nyingi za mbao zilizosalia ni za kabla ya mwaka 1620 au baada ya 1680. Miaka 60 iliyo katikati, ambayo ndiyo miaka ya mabadiliko, imetuachia vielelezo vichache mno. Mersenne mwaka 1636 bado anaeleza filimbi ya kando isiyo na kibonyezo hata kimoja. Hotteterre mwaka 1707 anaeleza filimbi ya vipande vitatu yenye kibonyezo kimoja, tena kama kitu cha kawaida kisichohitaji utetezi. Yaliyotokea kati ya kurasa hizo mbili tunayajenga kwa ushahidi wa mazingira. Kwa hiyo, kauli yoyote inayomtaja fundi mmoja na mwaka mmoja kuwa mwanzo wa filimbi mpya inapaswa kusomwa kwa tahadhari.

Istilahi nazo zinahitaji uangalifu. Kiswahili hutumia neno filimbi kwa ala mbili ambazo Wazungu wa wakati huo walizitofautisha. Makala haya yanaita filimbi ya kinywa ile inayopulizwa kwa ncha yake, na filimbi ya kando ile inayoshikwa ubavuni. Kwa ala yenye ndimi mbili za tete iliyopigwa nje kwenye sherehe na maandamano, neno zumari linafaa bila shida, kwa kuwa ala hiyo ya Ulaya na zumari ya pwani yetu zina asili ya karibu katika ulimwengu wa Kiislamu. Zao lake la karne ya 17 linaitwa hapa obo. Udi nao ndio uliolipatia luti ya Ulaya umbo na jina lake. Neno fidla limekwishazoeleka kwetu kupitia taarabu.

Tahadhari ya mwisho inahusu mali ghafi. Kwa kuwa mpingo wa Afrika Mashariki ndio unaotengenezewa obo nyingi leo, ni rahisi kudhani kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu awali. Sivyo. Katika kipindi kinachochunguzwa mafundi walitumia zaidi mti wa boksi, mbao ngumu ya rangi ya manjano, pamoja na mbao za miti ya matunda na ya mepo. Mpingo ulishika nafasi yake baadaye.

3.0 Karne ya 16: Ala kama Familia

Msingi wa fikra za karne ya 16 kuhusu ala ulikuwa kwaya. Muziki uliothaminiwa zaidi ulikuwa wa sauti nne, tano au sita zilizosukwa pamoja, ambapo hakuna sauti iliyokuwa mtumishi wa nyingine. Ala ilitengenezwa ili ichukue nafasi ya sauti mojawapo kati ya hizo. Kwa sababu hiyo, fundi hakuunda filimbi moja. Aliunda familia nzima, kutoka ndogo ya sauti ya kwanza hadi kubwa ya besi, zikiwa zimelinganishwa sauti tangu karakana.

Orodha za mali zinathibitisha jambo hili. Orodha iliyoandikwa mwaka 1547, baada ya kifo cha Mfalme Henry VIII wa Uingereza, inataja zaidi ya filimbi 70 za kinywa na nyingine zaidi ya 70 za kando, nyingi zikiwa zimehifadhiwa kwa seti ndani ya makasha. Wanamuziki na mafundi wa ukoo wa Bassano walikuwa wamehamia katika utumishi wa mfalme huyo wakitokea Venice. Praetorius naye anaeleza kwamba seti kamili ya filimbi za kinywa ilikuwa na filimbi 21, na kwamba ingeweza kuagizwa Venice kwa takriban thaleri 80. Mnunuzi alinunua kasha, wala si ala moja.

Sifa za ala hizo zinaeleweka vyema kwa kuzingatia kazi hiyo. Filimbi ya kinywa, hasa zile ndogo, ilichongwa kwa kipande kimoja cha mti, na uwazi wake wa ndani ulikuwa mpana. Upana huo uliipa noti za chini sauti nene na imara, jambo lililo muhimu pale ambapo kila ala husikika ndani ya mfumo mmoja. Noti za juu sana hazikuhitajika, kwa kuwa palikuwa na filimbi ndogo zaidi ya kuzipiga. Upana wa noti za ala moja kwa kawaida ulikuwa oktavu moja na noti chache juu yake.

Hata hivyo, mipaka hiyo haikutokana na ujinga wa mafundi wala wa wapigaji. Ganassi, akiandika Venice mwaka 1535, alionyesha vidole vya noti saba za ziada juu ya zile zilizozoeleka. Uwezekano wa kupanda juu ulijulikana. Kilichokosekana ni sababu ya kawaida ya kuutumia.

Pamoja na familia, ala ziligawanywa kwa nguvu ya sauti. Zumari, tarumbeta na tromboni zilikuwa ala za sauti kuu, zilizotumika nje, minarani na mbele ya watawala; luti, viola da gamba na filimbi zilikuwa za sauti ya chini, za ndani ya nyumba. Mgawanyo huu haukuwa wa Ulaya pekee. Mwandishi wa safari ya Vasco da Gama, alipokuwa Malindi mwezi Aprili 1498, aliandika kuhusu siwa mbili za pembe zilizochongwa, zenye kimo cha mtu, zilizopulizwa mbele ya mtawala wa mji pamoja na ala ambazo Mreno huyo aliziita anafili. Neno hilo limetokana na nafiri ya Kiarabu, na Wareno walilitumia kwa tarumbeta zao wenyewe. Mgeni huyo hakuhitaji kufafanuliwa maana ya ala hizo, kwani kwao pia ala ya sauti kuu ilikuwa alama ya mamlaka.

4.0 Mfano wa Kwanza: Ala za Kupuliza za Mbao

Kufikia miaka ya 1680, ala za mbao zilikuwa zimebadilika katika mambo matatu. Kwanza, ala iliyokuwa kipande kimoja iligawanywa katika viungo, kwa kawaida vitatu. Pili, uwazi wa ndani wa filimbi, uliokuwa mpana au wenye upana ulio sawa, ulifanywa uwe mwembamba kadiri unavyoshuka. Tatu, vibonyezo viliongezwa: kimoja kwa filimbi ya kando, viwili au vitatu kwa obo.

Mambo haya matatu yanategemeana. Ni vigumu sana kupekecha kwa usahihi uwazi unaopungua polepole ndani ya mti mrefu. Kipande kifupi huruhusu kekee na kisu cha kupanulia kufanya kazi kwa uangalifu zaidi. Viungo vilihitaji kunenepeshwa pale vinapokutana ili visipasuke, ndiyo maana ala za Baroki zina vifundo vilivyokerezwa na pete za pembe za ndovu. Kile kinachoonekana kuwa pambo kilianza kama kinga. Viungo vilisaidia pia katika kulinganisha sauti, kwani mpigaji aliweza kukivuta kiungo kidogo na kuishusha ala. Kuanzia takriban mwaka 1720 filimbi ya kando ikawa na vipande vinne, na mpigaji aliweza kubeba vipande vya kati kadhaa vya urefu tofauti ili kuendana na viwango vya sauti vya miji mbalimbali.

Uwazi mwembamba uliipa filimbi ya kinywa oktavu mbili na zaidi, na noti za juu zikawa nyepesi kuitika. Gharama yake ilikuwa noti za chini, ambazo zilipoteza unene wake. Filimbi ya kando ya Renesansi haikuwa na tundu la noti moja ya nusu toni iliyo karibu na mwisho wa ala. Kibonyezo cha kidole kidogo kikatatua tatizo hilo, na kwa hiyo ala moja ikaweza kupita katika ngazi nyingi za muziki badala ya chache.

Historia ya obo inaonyesha kwa uwazi zaidi uhusiano wa ala na kazi yake. Zumari ya Renesansi ilikuwa na kifuniko cha mbao kilichozunguka ndimi za tete, ambacho midomo ya mpigaji iliegemea. Kifuniko hicho kilimwezesha kupuliza kwa nguvu na kwa muda mrefu, akiwa nje au akitembea. Katika obo kifuniko kiliondolewa, ndimi zikashikwa moja kwa moja na midomo, na uwazi wa ndani ukapunguzwa. Mpigaji akapata uwezo wa kuongeza na kupunguza sauti ndani ya noti moja. Alipoteza nguvu ya uwanjani. Alipata lugha ya chumbani na jukwaani.

Nani aliyefanya mabadiliko hayo? Mapokeo yanawataja watu wa koo za Hotteterre na Philidor, waliotumikia jumba la mfalme wa Ufaransa. Ushahidi unaonukuliwa zaidi ni kumbukumbu ya Michel de La Barre, mpigaji filimbi, ambaye aliwasifu watu wa koo hizo kwa kuharibu mbao nyingi na kufanya majaribio mengi hadi ala ikafaa kwa tamasha. Lakini La Barre aliandika takriban mwaka 1740, miongo mingi baada ya matukio. Bruce Haynes, katika historia yake ya obo iliyotoka mwaka 2001, aliianza simulizi mwaka 1640 na kuyaeleza mabadiliko kuwa ya hatua kwa hatua. Makala haya yanaungana na mtazamo huo. Kauli yenyewe ya La Barre, ikisomwa vizuri, inazungumzia mbao zilizoharibika: yaani majaribio mengi, na si uvumbuzi wa siku moja.

5.0 Mfano wa Pili: Ala za Upinde

Ala za upinde zina historia tofauti, kwa sababu hapa ala iliyoshinda haikuwa mpya. Fidla ilikuwa imekamilika kwa umbo kufikia miaka ya 1560, wakati Andrea Amati wa Cremona alipotengeneza seti ya ala kwa ajili ya jumba la Mfalme Charles IX wa Ufaransa. Wakati huohuo viola da gamba, yenye nyuzi sita na freti za utumbo zilizofungwa shingoni, ilikuwa ikipigwa katika nyumba za watu wa hadhi.

Jambe de Fer, akiandika Lyon mwaka 1556, alizitofautisha ala hizi kwa misingi ya tabaka. Viola, kwa maelezo yake, ilikuwa burudani ya waungwana na wafanyabiashara. Fidla ilikuwa ya kuchezea dansi, na wachache waliipiga isipokuwa wale walioishi kwa kazi hiyo. Ukali wa sauti ya fidla, mdundo wake ulio wazi na wepesi wa kuibeba vilikuwa sifa za ala ya mtumishi.

Katika karne ya 17 sifa hizohizo zikawa sababu ya kupandishwa hadhi. Mwaka 1626 kundi la fidla 24 la mfalme lilipewa hadhi rasmi katika jumba la Ufaransa. Nchini Italia, fidla ikawa ala ya sonata, na kufikia mwaka 1700, Arcangelo Corelli alipochapisha huko Roma sonata zake 12 za fidla na besi, ala ya dansi ilikuwa imekuwa kipimo cha usanii. Umbo la mwili wake halikuwa limebadilika sana tangu Amati. Kilichobadilika ni mahali aliposimama mpigaji.

Badiliko kubwa la kiufundi lilitokea upande wa besi. Uzi wa utumbo mtupu, ili utoe noti nzito, sharti uwe mrefu au mnene; ukiwa mnene sana huitika kwa uzito. Katika miaka ya 1660 nyuzi za utumbo zilizozungushiwa waya zilianza kujulikana. Mchapishaji John Playford wa London alizitangaza mwaka 1664. Uzi wa namna hiyo huwa mzito bila kuwa mnene, hivyo ala ya besi iliweza kufupishwa na vidole vikaweza kwenda mbio juu yake. Neno violoncello linaonekana katika chapa ya mwaka 1665, na mji wa Bologna ndio uliokuwa kitovu cha wapigaji wake wa mwanzo. Hapa teknolojia haikufuata muziki tu, iliufungulia mlango.

Mtafiti wa ala za upinde anakabiliwa na tatizo la kipekee la ushahidi. Fidla za Amati na Antonio Stradivari zilizosalia ni nyingi, lakini karibu zote zilibadilishiwa shingo na kiunzi cha ndani kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, ili zistahimili mvutano mkubwa zaidi wa nyuzi. Ala ambayo watu huitazama kama shahidi wa Baroki ni shahidi aliyefundishwa maneno mapya. Ndiyo maana viola kubwa ya Stradivari ya mwaka 1690, iliyotengenezwa kwa ajili ya jumba la Medici na kuhifadhiwa Florence ikiwa na shingo yake ya asili, ina thamani ya kiushahidi inayozidi umaarufu wake.

6.0 Sababu za Mabadiliko

Mifano hii miwili inaelekeza kwenye sababu tatu zinazofungamana.

Ya kwanza ni ya kimuziki. Mwaka 1602 zilichapishwa nyimbo za Giulio Caccini huko Florence na nyimbo za kanisa za Lodovico Viadana huko Venice. Katika zote mbili, sauti moja au chache huimba juu ya besi endelevu, ambayo mpigaji wa kinanda au luti huijazia kwa kubuni. Mfumo wa sauti zilizo sawa uliachia nafasi mfumo wa nguzo mbili: sauti ya juu inayosema na besi inayobeba. Ala za kati za kila familia zikapungukiwa na kazi. Filimbi za besi na za tena zikafifia; iliyobaki na nguvu ni ile iliyoweza kusimama peke yake.

Ya pili ni ya kitaasisi. Mwaka 1637 Teatro San Cassiano ilifunguliwa Venice, na kwa mara ya kwanza watu wa kawaida waliweza kulipa kiingilio kuona opera. Katika *Orfeo* ya Claudio Monteverdi, iliyochezwa Mantua mwaka 1607, jumba la mtawala liliweza kugharimia kundi kubwa la ala za kila aina. Jumba la biashara halikuweza. Kundi dogo la fidla na besi endelevu likawa msingi, na ala za kupuliza zilitakiwa ziendane na fidla kwa sauti na kwa unyumbufu. Nchini Ufaransa, fedha za Louis XIV ziliwapa mafundi muda wa kujaribu na kukosea.

Ya tatu ni maafa. Tauni ya mwaka 1630 iliipiga vibaya Italia ya kaskazini. Huko Cremona ilimuua Girolamo Amati, na mwanawe Nicolò akabaki karibu peke yake kuendeleza ufundi wa ukoo. Baadaye alipokea wanafunzi wasio wa damu yake, akiwemo Andrea Guarneri, aliyekuwa akiishi nyumbani kwake kufikia mwaka 1641. Ujuzi uliokuwa siri ya familia ukasambaa kwa sababu familia ilikuwa imepungua. Venice nayo, iliyokuwa karakana ya ala za kupuliza za Ulaya nzima, ilipigwa na tauni hiyohiyo, na katika nusu ya pili ya karne uongozi wa ufundi huo ulikuwa Ufaransa.

Dhidi ya hoja hizi pana pingamizi moja la haki: si kila ala ilibadilika. Tarumbeta ya mwaka 1700 ilikuwa kwa asili bomba lilelile la mwaka 1600, na tromboni ilibadilika kidogo tu. Hata hivyo pingamizi hili linaimarisha hoja kuu. Girolamo Fantini alipochapisha mwongozo wake wa tarumbeta mwaka 1638, aliionyesha ala ya vita na sherehe ikipiga sonata pamoja na oganu. Bomba halikuguswa; midomo ndiyo iliyofunzwa upya. Kazi inaweza kubadilika bila umbo, lakini katika mifano iliyochunguzwa hapa, umbo halikubadilika bila kazi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba baina ya mwaka 1511 na 1707 ala za Ulaya zilihama kutoka katika familia iliyotengenezwa kwa ajili ya kusikika pamoja kuelekea ala moja iliyotengenezwa kwa ajili ya kusikika peke yake. Viungo, uwazi mwembamba, vibonyezo na nyuzi za waya ni matokeo ya kuhama huko, na wakati mwingine vilikuwa vichocheo vyake. Gharama ilikuwa halisi: unene wa noti za chini za filimbi, nguvu ya zumari, na ule mfumo wa kasha zima ambamo hapakuwa na bwana wala mtumwa wa sauti.

Kwa mtafiti anayeandika kwa Kiswahili, somo hili lina manufaa ya kimbinu. Ala zetu wenyewe, siwa na zumari zikiwemo, zimewahi kupimwa kwa ngazi hiyohiyo ya maendeleo na kuwekwa kwenye kidato cha chini. Ikiwa ngazi hiyo haisimami hata ndani ya Ulaya ilikojengwa, hakuna sababu ya kuendelea kuitumia kwingineko. Swali linalofaa kuulizwa mbele ya ala yoyote ni lile tuliloanza nalo: fundi wake alikuwa akijibu swali gani?